Kufufua besi ya 1978 hapa Kampala

Vijana wawili wa kwaya yetu wamenunua magitaa ya besi makuukuu mwaka huu, na wote wawili wameanza kwa kuulizia pikapu mpya, yaani kile kifaa cha sumaku na koili kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti yake. Mmoja keshaagiza. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa sababu besi yangu nayo ilipofika mikononi mwangu kila aliyeisikia aliniambia neno hilohilo: badilisha pikapu. Pikapu ni ileile hadi leo, na inanguruma vizuri. Ila kufika hapo kumenila pesa, na kuna mambo ambayo mtu akiyajua mapema ataokoa yake.

Besi yenyewe ni Fender Precision iliyotengenezwa Marekani mwaka 1978. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Makindye, mwenyeji wa Bunia, Kongo, aliyeipigia kwenye bendi za hoteli kwa miaka mingi: rumba usiku wa Ijumaa, nyimbo za Kiganda Jumapili mchana watu wakila. Alitaka milioni sita. Nililipa milioni nne na laki tano, kwa awamu mbili. Tangu hapo nimeongeza kama milioni moja na laki mbili, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa kasha gumu la kuibebea, laki nne na nusu, kitu kisichotoa sauti hata kidogo. Silijutii. Anayepanda boda na gitaa la nusu karne ndani ya mfuko wa kitambaa ana moyo kuliko mimi.

Kabla ya kulipa niliomba tuifungue. Hapa usione haya. Namba iliyo juu ya kichwa cha gitaa ilianza na S8, ambayo kwa Fender za miaka ile ina maana ya 1978, lakini shingo inaweza kutoka gitaa moja na bodi ikatoka lingine. Precision ilianza kuuzwa mwaka 1951, pikapu yake ya vipande viwili ikaja 1957, na tangu hapo vipimo havijabadilika sana. Kwa hiyo sehemu za gitaa moja hukaa vizuri kwenye jingine, na sokoni utakuta besi iliyookotezwa kutoka magitaa matatu ikiuzwa kama moja.

“Papa, samahani, naomba tutoe hii plastiki ya mbele.”

“Toa. Lakini skrubu zangu zihesabu.”

Akaleta kisosi cha chai, nikawa naziweka humo moja moja. Ndani ya gitaa la Marekani mahali pa kutazama ni mgongoni mwa poti, vile vifaa vya kuzungusha vya sauti na toni. Poti iliyotengenezwa na kampuni ya CTS ina namba inayoanza na 137. Tarakimu zinazofuata ni mwaka, kisha wiki. Moja ya poti za besi ile ilisomeka 137, halafu 77, halafu 41: wiki ya 41 ya mwaka 1977. Hiyo inakubaliana na gitaa la 1978, maana poti hutengenezwa kwanza, zikakaa stoo, ndipo zikafungwa. Namba ingekuwa ya mwaka 1985 ningejua kuna mtu aliingia humo kabla yangu.

Na kweli aliingia. Poti ya pili haikuwa na namba ya aina hiyo. Ilikuwa ndogo, ya zile zinazouzwa kwenye maduka ya redio, inacheza ndani ya tundu lake, na ili isianguke fundi alikuwa ameizungushia kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo la soda. Chini ya plastiki kulikuwa pia na shimo la mstatili lililochongwa kwa patasi, lenye ukubwa wa betri ya volti 9. Kumbe kuna wakati iliwekewa kikuza sauti cha ndani, baadaye kikatolewa, shimo likabaki. Shimo hilo ndilo lililonishushia bei. Mzee hakubishana. Alisema tu kwamba wakati ule sauti ilikuwa imekuwa nyembamba, wakaona betri itasaidia.

Maneno hayo, “sauti ilikuwa imekuwa nyembamba”, sikuyatilia maanani siku ile. Yalikuwa na thamani kuliko kila kitu kingine alichoniambia.

Kwanza nieleze mvumo. Nilipoichomeka nyumbani ilivuma mvumo mzito wa umeme, kama friji ya duka la nyama. Pikapu ya Precision imegawanyika nusu mbili, moja chini ya nyuzi za E na A, nyingine chini ya D na G, na zimesukwa kwa namna ya kufutiana mvumo. Haipaswi kuvuma hivyo. Halafu kuna kipimo rahisi ambacho kila mpiga gitaa anakijua hata kama hajui sababu yake: ukishika nyuzi kwa kiganja, mvumo hupungua, kwa kuwa kuna waya mwembamba unaotoka kwenye poti, unapita ndani ya mbao, unatokea chini ya daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi kwenye bodi, na kuziunganisha nyuzi na ethi, yaani waya wa ardhi. Nilishika nyuzi, mvumo ukabaki palepale.

Nikalegeza nyuzi, nikatoa daraja. Waya ulikuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, na ncha yake imefungwa kwa plasta ya hospitali, ile ya kahawia, imekauka hadi inavunjika kama ganda la kitunguu.

Nikampigia Mzee simu.

“Papa, waya wa chini ya daraja nani aliukata?”

“Mimi mwenyewe. Ulikuwa unanipiga.”

Anayepiga muziki kwenye shughuli za huku ataelewa mara moja. Umeme wetu ni volti 240 na soketi ni za matundu matatu ya Kiingereza. Tundu la juu ni la ethi, na ndilo linalofungua milango midogo ya matundu mengine mawili. Vifaa vingi vinakuja na plagi ya miguu miwili ya duara, basi mtu anachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la ethi, milango inafunguka, anasukuma plagi yake, muziki unaanza. Ethi haipo. Au ipo kwenye ampu na haipo kwenye mikisa, au waya wa kuongezea umeme wote umefungwa kwa nyaya mbili tu. Kisha mpiga besi anashika nyuzi, anasogeza mdomo kwenye maikrofoni aitikie kiitikio, na anaumwa mdomoni. Mzee alipigwa kwenye kumbi za namna hiyo mara nyingi, fundi akamshauri, wakakata waya. Gitaa likaacha kumpiga, likaanza kuvuma. Ugonjwa ulikuwa wa ukumbi, dawa akanyweshwa gitaa.

Niliurudisha ule waya. Kuurudisha kunamaanisha mwili wangu sasa umeunganishwa na ethi ya ampu, iwe nzuri au mbovu, kwa hiyo kupima ukumbi si hiari tena. Ninabeba mita ndogo ya elfu thelathini. Kabla ya kupiga naiweka kwenye volti za mkondo geu, ncha moja naigusisha kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni, bila kuvishika vyote viwili kwa mikono. Ikisoma volti chache sina wasiwasi. Ikipanda hadi makumi, nazima na kumwita mwenye vyombo, hata kama bibi harusi yuko mlangoni. Mara nyingi dawa ni kuvichomeka vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja chenye ethi ya kweli. Na kalamu ndani ya soketi siikubali tena. Nimenunua adapta zangu zenye ethi.

Mvumo ukaisha. Sauti nyembamba ikabaki.

Ilikuwa sauti ya simu: noti unazisikia, uzito hakuna. Hapa ndipo ushauri wa pikapu mpya uliponimiminikia, na seti nzuri pamoja na usafiri na ushuru ingefika laki sita au zaidi. Kabla ya kutoa pesa ya namna hiyo, pima. Chomeka waya wa gitaa, fungua sauti yote, weka mita kwenye ohm, gusisha ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Pikapu ya Precision iliyo nzima husoma kiasi cha kilo-ohm 10 au 11. Yangu haikusoma kitu karibu na hapo. Nikaifungua nikapima kila nusu peke yake: ya E na A ilitoa 5.3, ya D na G ilikuwa imekufa. Nusu hizo mbili zimeunganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kwa hiyo moja ikikatika hata ile nzima haifiki kwenye ampu ipasavyo. Kinachopenya ni mabaki tu. Sauti ya simu.

Waya unaosukwa humo una unene wa karibu milimita 0.06, mwembamba kuliko nywele nyingi za kichwani, na kwenye pikapu za kizamani za Fender unazungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Jasho la miaka mingi na unyevu wa Kampala vikiingia, sumaku inapata kutu, kutu inakula waya. Ukikatika katikati ya koili hakuna njia ila kuisuka upya. Watu walinielekeza kwa mafundi wa kusuka mota za pampu. Ni mafundi wa kweli, ila waya walionao kwao ni nyuzi na kwa pikapu ni kamba. Mmoja aliitazama, akacheka, akanirudishia.

Aliyenisaidia ni fundi wa simu. Hao wana hadubini mezani kwa ajili ya bodi za simu, wana pasi za kulehemu zenye ncha kama sindano, na mikono yao haitetemeki. Aliiweka pikapu chini ya lenzi, akasogeza taa, akaniita niangalie. Pale ambapo ncha ya waya wa koili inaingia kwenye kitundu cha shaba kuungana na waya mnene, kulikuwa na uvimbe wa kijani kibichi wa kutu ya shaba, na katikati ya ule ukijani waya umekatika, pengo ambalo kwa macho ya kawaida usingeliona hata ukikazana.

“Kaka, hapa si koili. Hapa ni mlangoni tu.”

Akakwangua kutu kwa ncha ya wembe, akavuta mzunguko mmoja wa waya kutoka nje ya koili apate urefu, akausafisha, akagusa risasi kidogo, haraka, joto likiwa chini. Tukapima: 5.1. Alidai elfu ishirini, nikampa thelathini. Betri, kikuza sauti, na lile shimo la patasi ambalo halitazibika kamwe bila alama, vyote vilikuja kutibu ncha ya waya iliyokatika mlangoni.

Tangu hapo kila kidonda nilichokikuta kwenye besi hii nilianza kwa kuuliza kilikuwa kinatibu nini. Karibu vyote vilikuwa na jibu.

Bati la soda, kwa mfano. Magitaa ya Marekani yamepimwa kwa inchi, na tundu la poti kwenye plastiki ni kubwa kuliko shingo ya poti ndogo za maduka ya redio, ambazo ni za milimita. Kishikio cha chuma nacho hakikai, kwa sababu shina la poti ya Marekani ni la robo inchi, duara kamili, na la poti ndogo ni jembamba na lina meno. Juu ya hayo ile iliyofungwa ilikuwa B500K. Unayoihitaji kwa pikapu ya aina hii ni A250K. Herufi A ina maana kwamba sauti inapanda kwa namna sikio linavyosikia. Yenye B hukaa kama swichi, kila kitu kinatokea mwanzoni mwa mzunguko, kwingine kote unazungusha hewa. Nikaagiza poti mbili za CTS, jeki ya kuchomekea waya wa gitaa na waya wa kitambaa kupitia binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza, laki moja na themanini kwa jumla. Kepasita ya toni sikuagiza. Ni ya mikrofaradi 0.047, imeandikwa 473, na duka lolote la vipuri vya redio mjini linayo kwa bei ya chapati. Zipo za bei kubwa zenye mafuta ndani na hadithi ndefu. Waachie wenye pesa.

Ukifunga poti tumia pasi ya kulehemu yenye nguvu, ya wati 40 kwenda juu, maana mgongo wa poti unanyonya joto. Pasi dhaifu itakulazimu uishikilie hadi uunguze vya ndani. Poti ya zamani yenye namba haikuwa mbovu, ilikuwa na vumbi tu. Ningeweza kuipulizia dawa ya kusafishia kontakti, kuizungusha mara kadhaa na kuiacha. Nilizitoa zote mbili kwa sababu nilitaka waya mpya kabisa wa kufungia, na hiyo ya 1977 imo ndani ya bahasha, pamoja na skrubu zake, ndani ya kasha. Bahasha hiyo ni sehemu ya gitaa. Siku nikiuza, mnunuzi atataka kuiona, na tofauti ya bei ni kubwa kuliko gharama ya poti kumi mpya.

Shimo la ndani zinamokaa poti nililitandika karatasi ya shaba yenye gundi, elfu arobaini, na kuiunganisha na ethi. Inasaidia kwenye kumbi zenye taa za LED za bei rahisi. Nyumbani huoni tofauti.

Kidonda kingine kilikuwa kwenye daraja. Vipande vinne vinavyobeba nyuzi vina skrubu ndogo za kupandisha na kushusha, zenye tundu la pembe sita, na hizo nazo ni za inchi. Spana zinazouzwa mjini ni za milimita. Iliyokaribia kutosha inaingia, inazunguka, inakula kona, na kuanzia hapo skrubu haishikiki tena. Zangu zilikuwa zimeliwa nusu yake, nyuzi zikiwa juu kiasi cha kupitisha kalamu. Nilitoa daraja zima, nikaliloweka kwenye mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, na skrubu mpya zikaja na zile poti. Spana za inchi nunua seti moja, utazeeka nazo. Besi ya Kijapani, na ziko nyingi nzuri za zamani hapa mjini, itakuwa ya milimita na haitakusumbua.

Lakini kwa nini nyuzi zilipandishwa hivyo? Kwa sababu shingo ilikuwa imepinda mbele, nyuzi zikagonga freti za juu, vile vyuma vilivyokatiza shingo, fundi akapandisha daraja badala ya kunyoosha shingo. Sina hakika kama ni ubaya wa fundi. Kwenye Precision za miaka ile kichwa cha ile fimbo ya chuma inayonyoosha shingo hakiko juu, kwenye kichwa cha gitaa. Kiko chini, kwenye kisigino cha shingo, ndani ya bodi, na ili ukifikie lazima ulegeze nyuzi, ufungue bolti nne na utoe shingo. Ni kazi ya kurudiarudia: toa, zungusha, rudisha, kaza nyuzi, pima, toa tena. Wengi wanaona heri kupandisha daraja.

Niliifanya mwenyewe sebuleni, nimetandika blanketi. Mambo matatu tu hapa. Tumia bisibisi kubwa ya nyota inayojaa kwenye mkato, usizungushe zaidi ya robo kwa mara moja, na ukikuta kipande cha karatasi ngumu kimelala chini ya kisigino usikitupe, mara nyingi kiliwekwa kiwandani ili kuipa shingo mwinamo wake. Upimaji hauhitaji chombo: bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama pengo katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Milimita 0.3 au zaidi kidogo inatosha, kadi ya biashara ipite bila kusukuma uzi. Baada ya hapo ndipo unagusa daraja. Kwenye freti ya 17 mimi nimeweka milimita 2.8 uzi wa E na 2.4 uzi wa G. Mwisho kabisa linganisha sauti ya kengele ya freti ya 12, ile inayotoka ukigusa uzi bila kuubonyeza, na sauti ya kubonyeza palepale. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kile kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Simu yoyote ina programu ya kupimia.

Skrubu moja ya vifungo vya mkanda wa begani ilikuwa inazunguka bure ndani ya mbao. Njiti mbili za kiberiti bila vichwa, gundi ya seremala, ngoja ikauke, funga. Mashine za kukazia nyuzi zilipata tone la mafuta ya cherehani kila moja. Hayo hayana hadithi.

Unyevu ndio adui wa kila siku. Kampala mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba zinaijaza nyumba maji yasiyoonekana, na shingo inasogea. Nilipokwenda Arua mwezi wa Januari kwa harusi ya ndugu, kukiwa kukavu, mbao ilisinyaa hadi ncha za freti zikaanza kukwaruza kiganja. Usikimbilie kukaza fimbo kila shingo inaposogea. Ngoja gitaa likae mahali siku kadhaa, lizoee, ndipo uamue. Ndani ya kasha naweka vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na vikilewa maji navikausha juu ya kikaango kwa moto mdogo sana. Kasha halikai sakafuni wala haligusi ukuta wa nje. Mchwa hawachagui kati ya mbao za paa na za Marekani.

Ubao wa vidole wa rangi ya giza, usio na vanishi, naufuta kwa tone la mafuta ya madini mara chache kwa mwaka, nikibadilisha nyuzi, kisha naukausha kabisa. Mafuta ya kupikia hapana. Yanaoza, yananuka, na mende wanayapenda.

Nyuzi sasa, maana hapa ndipo pesa huvuja polepole. Wengi wetu tumelelewa kwenye kuchemsha nyuzi: sufuria, maji, dakika chache, zinatoka zinang'aa kisauti. Inafanya kazi kweli, kwa sababu inatoa mafuta na uchafu uliojikusanya kwenye mikunjo, ila ung'avu haudumu, na kila unapozivua na kuzifunga unazichosha kwenye kona. Kuzilaza kwenye spiriti ni bora, ukikumbuka kuzikausha mbali na jiko. Mimi nimehamia nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe laini. Zilinigharimu laki mbili na thelathini, karibu mara mbili ya za kawaida, lakini hazishiki uchafu, haziumi freti, na zinadumu miaka. James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown ya Marekani, alipiga Precision yake ya 1962 kwa nyuzi bapa na alijulikana kwa kutozibadilisha hadi zikatike.

Si kwa kila muziki, lakini. Mpiga sebene anayetaka kila pigo la kidole gumba litokeze juu ya magitaa matatu atazichukia. Huyo abaki na nyuzi za mzunguko na akubali kununua mara kwa mara. Kwenye kwaya na rumba ya taratibu, bapa zinajaza ukumbi bila kumfunika mwimbaji. Ukibadilisha aina shingo itasogea, kwa hiyo bolti nne tena.

Nimeulizwa kuhusu daraja zito la kisasa, rangi mpya, na kikuza sauti cha betri. Daraja zito halina ubaya kama linaingia kwenye matundu yaleyale ya skrubu na la zamani unalitunza. Rangi usiguse. Besi ya zamani iliyopakwa rangi upya hupoteza fungu kubwa la thamani yake, na mikwaruzo ya mkono wa Mzee pale juu ya pikapu ndiyo iliyonionyesha kwamba bodi hii haikubadilishwa. Kuhusu betri, viko vikuza sauti vidogo vya kuweka sakafuni, nje ya gitaa, vinavyofanya kazi ileile. Havihitaji patasi.

Kilichobaki ni freti. Za chini zimelika mahali ambapo vidole vya Mzee vilikaa, na fundi mmoja wa magitaa alizisawazisha kwa laki mbili, lakini sasa ziko chini sana na safari ijayo ni kuziondoa zote. Fender ya miaka ile freti zake zilisukumwa ndani kutoka ubavuni, hazikugongwa kutoka juu, kwa hiyo anayezing'oa kwa kuzivuta juu anabandua vipande vya mbao pamoja nazo. Zinatakiwa zisukumwe zitoke kwa upande, kama zilivyoingia. Ndilo swali ninalowauliza mafundi kabla ya kuuliza bei: utazitoaje? Wawili wamenijibu kwamba wataona wakifika huko. Bado nazunguka na besi yangu.